Swichi Zinapopigiana Hodi

Tororo, mashariki mwa Uganda, ni mji wa radi. Kati ya 1967 na 1976 ngurumo zilirekodiwa hapo kwa wastani wa siku 251 kila mwaka, na takwimu hiyo imezunguka dunia nzima katika vitabu vya rekodi. Mkaazi wa Osukuru, chini ya vile vilima vya fosfeti, hahitaji kitabu. Naye fundi wa mtandao wa ofisi ana namna yake ya kuijua: radi ikipiga jioni, asubuhi kuna poti ya swichi imekufa. Karani ana foleni mbele yake, hawezi kungoja. Kebo inachomolewa, inachomekwa poti ya pili, kazi inaendelea, na hakuna anayekumbuka kusahihisha mchoro uliobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Misimu miwili ya mvua ikipita, mchoro huo unapotosha kuliko kusaidia.

Ndiyo sababu namheshimu fundi ambaye, kabla ya kugusa kebo yoyote, huziacha swichi zijitambulishe zenyewe. Itifaki anayoitumia ni LLDP, iliyotolewa na IEEE mwaka 2005 kwa namba 802.1AB ili vifaa vya kampuni mbalimbali vitambuane. Cisco walikuwa na yao, CDP, tangu 1994, na mpaka leo ipo. Utaratibu ni wa kijirani kabisa. Kwa kawaida kila baada ya sekunde 30 swichi hupiga hodi kwenye kila kebo: mimi ni fulani, nimetokea poti fulani, habari yangu iamini kwa sekunde 120. Jirani akinyamaza mpaka muda huo ukaisha, jina lake linafutwa. Na hodi hiyo haivuki nyumba ya pili, kwa kuwa hutumwa kwa anwani maalumu ambayo swichi inayofuata kanuni haiipitishi mbele. Unachosoma ni habari ya jirani wa ukuta kwa ukuta.

Kuiwasha si kazi. Kwenye swichi nyingi za Cisco, CDP huja imewashwa na LLDP imezimwa. Unaandika lldp run, umemaliza. Mwenye haraka huishia hapo na kuandika ankara.

Ufundi wenyewe uko kwenye majina. Swichi mpya ya Cisco hujiita Switch, basi. Ukiwa nazo tano, zote tano zitakujibu kwa jina hilohilo, na orodha ya majirani haitakufaa kitu. Fundi mzuri huipa kila moja jina la jengo na chumba, kisha huandika maelezo kwenye kila poti inayoelekea swichi nyingine. Halafu anangoja. Nusu dakika hiyo napenda kumtazama: hagusi kitu, mikono iko magotini, macho kwenye skrini. Orodha inapotokea huisoma mstari kwa mstari akilinganisha na mchoro wa zamani. Mchoro unasema poti ya 23, swichi inasema ya 24. Anaiamini swichi, lakini bado anainuka, anaishika kebo na kuifuata kwa vidole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kuivuta, ndipo anachukua kalamu.

Huwa inatokea poti moja ionyeshe majirani watatu. Mgeni angedhani mtambo umeharibika. Fundi huinama chini ya meza, na mara nyingi huko kuna kiswichi cha bei nafuu ambacho mtu alikichomeka apate nafasi ya printa, kinachopitisha hodi za wengine bila kuzielewa. Simu za mezani nazo hufaidika: nyongeza ya LLDP-MED ya mwaka 2006 huiambia simu itumie VLAN ipi ya sauti, yaani sehemu ya mtandao iliyotengewa simu, kwa hiyo fundi hana haja ya kuzunguka dawati hadi dawati akibonyeza vitufe.

Kazi ngumu zaidi ni kujua pa kunyamaza. Busia na Malaba, maofisa wa Uganda na wa Kenya hukaa jengo moja katika vituo vya pamoja vya mpakani; cha Busia kilizinduliwa Februari 2018 na Marais Kenyatta na Museveni. Kukaa meza jirani hakumpi mtu ruhusa ya kusoma daftari la mwenzake. Hodi ya swichi nayo inaweza kubeba aina ya kifaa, toleo la programu na anwani ya kukisimamia, na hayo ndiyo mwizi huyatafuta kwanza. Mwaka 2020 watafiti wa Armis walitangaza kasoro tano katika vifaa vya Cisco vinavyotumia CDP, wakaziita CDPwn. Kwa hiyo fundi mwangalifu huzima hodi kwenye poti inayoelekea kampuni ya intaneti, na kwenye poti za wageni pia, akaiacha izungumze ndani ya ofisi tu.

Wewe mwenye ofisi, siku ya kulipa usihesabu amri zilizoandikwa. Dai orodha ya majirani iliyochapishwa ikiwa na tarehe, na pembeni yake poti zilizonyamazishwa, kila moja na sababu yake. Fundi asiyeweza kukupa karatasi hiyo hajamaliza kazi.