Fuwele ya Siri au Polisi wa Kumbukumbu? Shauku ya Msomaji na Suala la Utanzu katika Riwaya ya Yoko Ogawa

Utangulizi

Wapo wasomaji wanaopenda kwa pamoja fantasia, bunilizi za kisayansi na riwaya za Kijapani, bila kuona haja ya kuweka mpaka baina yake. Ni rahisi kwa mhakiki kuichukulia shauku ya namna hiyo kuwa suala la ladha tu. Makala hii inajenga hoja kwamba shauku hiyo ni aina ya umilisi: msomaji huyo amezoea masharti ya usomaji wa aina tatu, na zipo kazi zisizoweza kusomwa ipasavyo pasipo masharti yote matatu. Mfano unaohakikiwa ni riwaya ya Yoko Ogawa, Hisoyaka na kesshō, iliyochapishwa Japani mwaka 1994.

Jina na mwelekeo wa usomaji

Jina la Kijapani linakaribia maana ya fuwele inayojiunda kimya na kwa siri. Tafsiri ya Kifaransa, Cristallisation secrète, iliihifadhi taswira hiyo. Tafsiri ya Kiingereza ya Stephen Snyder ilipotoka mwaka 2019, iliitwa The Memory Police, yaani Polisi wa Kumbukumbu. Chini ya jina hilo riwaya iliingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Kimataifa ya Booker ya mwaka 2020, na wengi waliipokea kama bunilizi ya dola kandamizi.

Mabadiliko hayo si madogo. Katika kisiwa kisicho na jina, vitu hutoweka kimoja baada ya kingine: utepe, kengele, zumaridi, manukato, ndege, mawaridi. Kitu kinapotoweka, wakazi huamka wakihisi pengo, huteketeza au kutupa mabaki yake, kisha husahau hata maana yake. Polisi huwasaka wachache wasiosahau. Hata hivyo, hakuna mahali ambapo riwaya inaonyesha kwamba polisi ndio wanaosababisha utowekaji. Wao huja baadaye, kuhakikisha kwamba kilichokwisha kutoweka hakibaki. Jina la Kiingereza linamsukuma msomaji amtafute mtenda. Jina la Kijapani linamwelekeza kwenye kile kinachogandia ndani ya mtu bila kuonekana.

Masharti matatu ya usomaji

Tzvetan Todorov (1970) aliifafanua fantasia kwa kigezo cha kusita: msomaji hajui achague maelezo ya kimaumbile au ya kimiujiza. Darko Suvin (1979) aliifafanua bunilizi ya kisayansi kuwa fasihi inayokifanya kilichozoeleka kionekane kigeni, lakini kwa misingi ya utambuzi wa kimantiki. Hakuna fasili kati ya hizi inayoitosha riwaya ya Ogawa. Katika kisiwa hiki hakuna anayesita, kwani utowekaji ni jambo la kawaida kama mvua. Wala hakuna uvumbuzi wa kisayansi unaoueleza.

Pamoja na hayo, mazoea ya tanzu zote mbili yanafanya kazi. Msomaji wa fantasia huikubali kanuni ya ulimwengu mgeni bila kudai chanzo chake. Msomaji wa bunilizi za kisayansi hufuatilia matokeo ya kanuni hiyo, na Ogawa humlipa: kalenda zinapotoweka, majira ya kuchipua hayaji tena na theluji inaendelea kuanguka. Mantiki ya tukio hili ni kali. Kisicho na jina wala hesabu hakiwezi kufika. Sharti la tatu ni lile ambalo msomaji amejifunza kwa waandishi kama Yasunari Kawabata: kukitazama kitu kidogo kwa subira, bila kukidai kiwe ishara ya jambo kubwa. Aliyekuwa mshona kofia sasa hutengeneza miavuli. Aliyekuwa fundi wa kivuko huishi ndani ya kivuko kisichosafiri. Maafa ya kisiwa yamo katika wepesi wa watu kuzoea.

Chumba cha siri

Pingamizi moja lina uzito. Ogawa ameeleza mara nyingi jinsi shajara ya Anne Frank ilivyomwathiri tangu ujanani, na chumba kidogo ambamo msimulizi, mwandishi wa riwaya, anamficha mhariri wake R kinaikumbusha historia hiyo waziwazi. Kwa hiyo usomaji wa kisiasa haukuzuliwa na wachapishaji.

Lakini Ogawa ameugeuza mpangilio. Katika shajara, aliyefichwa ndiye anayeandika. Hapa aliyefichwa ni mhariri, yaani msomaji wa kwanza, na mwandishi aliye nje ndiye anayesahau. Riwaya zinapotoweka na vitabu kuchomwa, R ndiye anayemsihi aendelee kuandika, na kisa anachokiandika kinahusu mpiga taipu aliyepoteza sauti na kufungiwa mnarani. Hatimaye viungo vya mwili vinaanza kutoweka, kuanzia mguu wa kushoto, hadi msimulizi anabaki sauti tupu, nayo inazimika. R anatoka nje akiwa mzima. Msomaji anayetafuta mtenda ataiona tamati hii kuwa ushindi wa dola. Lakini ushindi huo hauwezi kueleza kwa nini aliyekumbuka ndiye anayeufungua mlango.

Funzo kwa uhakiki wa Kiswahili

Suala hili si geni katika Kiswahili. Katika Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, jina la nchi ya ajabu lenyewe, “wale ni sisi”, linamwalika msomaji aifumbue istiari ya kisiasa. Mwaliko wa namna hiyo haupo wazi katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, na mhakiki anayeyafanya maajabu yake kuwa barakoa ya siasa hubaki na mengi yasiyoelezeka. Istilahi ya uhalisiajabu husaidia kuyataja mabaki hayo, ila haiyafafanui.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba riwaya ya Ogawa inahitaji msomaji anayekubali kanuni isiyo na chanzo, anayefuatilia matokeo yake, na anayejali kitu kidogo kwa ajili ya kitu chenyewe. Msomaji mwenye shauku ya tanzu zote tatu huja na mazoea hayo kabla ya kufundishwa nadharia. Uhakiki unaomlazimisha kuchagua utanzu mmoja humpunguzia uwezo wa kusoma, na humwondolea nafasi ambayo riwaya hii imempa R: ya kukumbuka pale ambapo mwandishi mwenyewe ameshindwa.