Mstari Mmoja, Namba Milioni

Andika rng = np.random.default_rng(2019), kisha rng.integers(-4, 5, size=(1000, 1000)) / 4, na ubonyeze kitufe. Hujapepesa jicho, tayari una matriki ya safu 1000 kwa 1000: namba milioni moja za nasibu, kila moja imetua juu ya ngazi yake, kuanzia -1, -0.75, -0.5, mpaka 1, kwa hatua ya 0.25. Mstari mmoja tu!

Hiki ndicho kizalishi cha namba za nasibu kilichoingia NumPy, maktaba ya Python, katika toleo la 1.17, mwaka 2019, na kwa kazi hii sijaona kinachokifikia. Ndani yake inanguruma algoriti ya PCG64, kazi ya Melissa O'Neill, ikishika nafasi ya Mersenne Twister ya Matsumoto na Nishimura iliyotumika miaka mingi. Wepesi wake unasisimua, lakini kilichoniteka hasa ni haki yake.

Tazama wanavyofanya wengi: wanachukua desimali ya nasibu kati ya -1 na 1, wanaikadiria hadi robo iliyo karibu, basi. Inaonekana sawa kabisa, kumbe ncha mbili zimepunjwa! Kila ngazi ya katikati inavuta namba kutoka pande zote mbili na kupata uwezekano wa 1/8. -1 na 1 zinavuta upande mmoja tu, zinaambulia 1/16. Kwa integers, ngazi zote tisa zinapata 1/9 ileile. (Ile 5 ni mpaka usioguswa; anayetaka kuandika 4 aongeze endpoint=True.) Na kama ngazi zako tayari zimo kwenye orodha ya np.linspace, rng.choice itakuchagulia humo humo, nayo ni safi.

Sasa utamu wenyewe. Kompyuta hutunza desimali kwa tarakimu za 0 na 1, na robo inaingia humo kamili, bila hata chembe kubaki nje. Zidisha matriki mbili za namna hii: kila jibu ni kigawe cha 1/16 na halizidi 1000 kwa ukubwa, kwa hiyo linatoshea kikamilifu. Jumlisha kutoka kushoto, jumlisha kutoka kulia, gawanya kazi kwa prosesa nane, majibu yanalingana hadi biti ya mwisho! Kwa anayepima programu yake mpya ya kuzidisha matriki, hii ni hazina: tofauti yoyote ikitokea, programu ina kosa, hakuna cha kusingizia ukadiriaji.

Hatua ya 0.1 haina bahati hiyo, maana sehemu ya kumi haiingii kamili. Hata hivyo, gawanya kwa 10 badala ya kuzidisha kwa 0.1: 3 * 0.1 inatoa 0.30000000000000004, lakini 3 / 10 inatoa 0.3. Mimi huziacha namba zikiwa kamili, kwa dtype=np.int8, hadi dakika ya mwisho. Milioni nzima inakaa katika megabaiti 1 badala ya 8.

Jambo moja la kuangalia: mbegu ileile inarudisha matriki ileile, ila NumPy haiahidi hivyo toleo likibadilika. Matriki unayoitegemea kwa majaribio ya mwakani, ihifadhi kwa np.save.