Nani Alimuua Uhuru? Jicho Jingine kwa Kidagaa Kimemwozea

Watahiniwa walipoulizwa swali la uongozi mbaya katika riwaya hii ya Ken Walibora, aghalabu walianza mbio: Mtemi Nasaba Bora ni mnyang'anyi wa mashamba, mzinifu, katili. Hoja zilitimia, alama zilipatikana. Lakini kuna kifo kimoja Sokomoko ambacho orodha hiyo haikielezi, nacho ni cha kitoto kilichotupwa kibandani mwa Amani.

Kitoto hicho kinaitwa Uhuru. Baba yake ni Mtemi, aliyemzaa na Lowela. Mtawala anauzaa uhuru, anaukana, kisha mzigo wa kuulea unawaangukia Amani, mchungaji wa ng'ombe wake, na Imani, mtumishi wa nyumbani kwa Majisifu. Mwalimu asiipite jazanda hii kwa haraka. Ndani yake mna historia ya Kenya baada ya 1963, na hati bandia za ardhi anazotumia Mtemi zinaisimulia vilevile.

Hata hivyo, Mtemi hakumuua Uhuru peke yake. Kitoto kilipougua na kufikishwa zahanati, wauguzi walikipuuza. Hawakutumwa na ikulu yoyote. Naye Majisifu, msomi na mwalimu, anaiba mswada wa Amani na kujipatia sifa. (Sisi walimu humpitia mhusika huyu kwa haraka kidogo!) Basi uozo wa maadili umeshuka kutoka kwa mkubwa hadi kwa mwenye sindano na mwenye chaki, na huko chini hauhitaji tena amri.

Anwani yenyewe inasema hivyo. Mwanafunzi wa Mbita, Sori au Muhuru ameona omena walioanikwa ufuoni wakinyeshewa mvua: haozi dagaa mmoja, huvunda tandiko zima. Aulizwe hilo darasani kabla ya kusomewa maana ya msemo kamusini.

Shaka yangu iko kwenye hatima. Mtemi anajinyonga, na Sokomoko inapata afueni bila wanyonge kumng'oa. Katika Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, Mwelusi anauawa na Gege, nduguye, na gharama ya ukombozi inaonekana wazi. Mtahiniwa akidai kwamba Walibora amemwondoa Mtemi kwa wepesi mno, asikatwe alama kwa sababu tu mwongozo haukusema hivyo. Aulizwe ushahidi wake uko ukurasa gani.