Maoni juu ya Lugha ya PostScript na Kukawia kwa Picha

PostScript, iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1984, si lugha ya kunena. Ni lugha ambayo kwayo kompyuta huieleza printa sura ya ukurasa. Hata hivyo yafaa ipimwe kama lugha nyingine yoyote: je, yasema mengi kwa maneno machache? Swali hili si la anasa. Watumiaji wa mifumo ya jamaa ya Unix wamelalamika tangu zamani kwamba maandishi hutoka upesi na picha hukawia, na lawama huiangukia mashine. Mara nyingi kosa ni la usemi.

Sifa ya lugha hii ni dhahiri. Vitu hutajwa kwanza, na kitenzi huja mwisho: namba hutangulia, kisha hufuata amri ya kuchora. Duara huelezwa kwa namba tano na amri chache, likiwa dogo au la kujaza ukurasa. Huo ni ufasaha wa kweli.

Lakini picha ya kamera haina duara wala mstari; ni nukta tupu. Hapo toleo la kwanza lilipungukiwa, maana desturi ilikuwa kuandika kila baiti kwa herufi mbili. Ukurasa wa A4, kwa nukta 300 katika kila inchi, una nukta zipatazo milioni 8.7, yaani baiti milioni 1.1 kwa wino mweusi peke yake. Waya wa kupitisha herufi 960 kwa sekunde ungehitaji dakika 19 kuzisafirisha. Kwa mwandiko ule, dakika 38. Toleo la pili, la mwaka 1991, lilisahihisha jambo hili: baiti nne ziliweza kuandikwa kwa herufi tano badala ya nane, na picha ikaweza kufupishwa kabla ya kupelekwa.

Taabu nyingine huzuka printa isipoijua lugha yenyewe. Programu ya Ghostscript, iliyoanzishwa na L. Peter Deutsch mwaka 1988, huwa mkalimani: huigeuza PostScript kuwa nukta ndani ya kompyuta. Basi duara lililosemwa kwa mstari mmoja hupita katika waya kama nukta za ukurasa mzima. Mkalimani hana hatia, ila amewekwa upande ambao maneno mengi hubebwa mbali.

Kwa hiyo ushauri uliozoeleka zamani katika Linux, wa kuirekebisha tundu ya printa kwa amri ya tunelp, ulikuwa sahihi lakini haukutimia. Amri hiyo hupunguza muda wa kungoja pale printa inapokuwa haijawa tayari; haipunguzi hata herufi moja ya yanayosemwa. Kushuka kutoka nukta 600 hadi 300 kwa inchi huacha robo tu ya nukta. Mchoro wa wino mweusi ukipelekwa kwa biti moja kwa kila nukta, badala ya 24, mzigo hupungua mara 24. Na printa inayoijua PostScript ipelekewe PostScript, pasipo mkalimani.

Hukumu ya haki ni kwamba lugha hii ilifaulu kueleza maumbo, ikachelewa kujifunza kueleza nukta. Mwenye kutafuta wepesi na achunguze kwanza kinachosemwa, ndipo apime kasi ya msemaji.