Liyongo, Kibuti na Mashairi ya Machozi

Nianze kwa kukiri. Mimi ni mgonjwa wa mashairi ya huzuni. Nikipewa diwani mpya sianzi ukurasa wa kwanza. Naangalia yaliyomo, natafuta kichwa chenye kilio, kaburi au kwaheri, na hapo ndipo naanzia. Wenzangu wa kikundi chetu cha Jumamosi wananicheka. Mmoja alisema mashairi ya machozi ni uvivu tu: mtu kaachwa, badala ya kufua nguo zake anakaa kutafuta vina. Nilinuna wiki nzima. Baadaye nikaona nusu ya maneno yake ni kweli. Ile nusu nyingine ndiyo nataka kugombana nayo hapa, na silaha yangu siyo shairi la mapenzi. Ni Fumo Liyongo.

Najua, ndugu msomaji, Liyongo amechakazwa. Tumekutana naye darasani akiwa shujaa wa kujibia mtihani. Taja sifa za shujaa. Eleza dhamira. Jadili fani na maudhui. Tukajibu: nguvu, ujasiri, usaliti ni mbaya, jamii iwe na umoja. Tukapata alama zetu tukaenda. Hakuna aliyetuuliza kama ilituuma.

Mimi iliniuma kabla sijajua kusoma. Bibi alikuwa akitusimulia usiku, na kila alipofika kwenye sindano mimi nilijifunika shuka hadi kichwani na kushika kitovu changu. Miaka mingi baadaye ndipo nikausoma utendi wenyewe, ule uliotungwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913. Hadithi ni kongwe kuliko utendi: Askofu Edward Steere alikwisha kuichapa mwaka 1870 katika kitabu chake cha ngano za Waswahili, na hata wakati huo ilikuwa ya zamani. Wataalamu wanabishana Liyongo aliishi karne ipi. Ubishi huo nawaachia wao.

Kwa aliyesahau: Liyongo ni jitu la nguvu na ni malenga. Mfalme wa Pate anamwogopa. Wanamtega kwenye mkoma, wapande mmoja mmoja kuangua makoma ili zamu yake ikifika wamlenge kwa mishale. Yeye anayaangua kwa upinde akiwa chini. Wanamfunga, naye anatunga shairi la kumtuma kijakazi Saada kwa mama yake, mama anaoka mkate na kuficha tupa ndani yake, na kelele za ngoma ya gungu zinafunika mlio wa minyororo ikikatwa. Hapo watoto wote tulikuwa tunapiga makofi. Sehemu hii ni tamu na sina la kuongeza.

Kinachonishika kinaanza baada ya hapo. Mfalme anamrubuni mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya cheo na mke. Mtoto anakwenda kwa baba yake na kumuuliza: baba, ni kitu gani kinaweza kukuua? Na Liyongo anajua. Utendi hauachi shaka juu ya hilo. Anajua mtoto katumwa, anajua anadanganywa, anajua mwisho wake. Kisha anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni.

Walimu wetu walisema huo ni udhaifu wa shujaa, na wengine wakasema ni majaaliwa. Mi nasema hapana, au si hayo tu. Nilikuja kupaelewa mahali hapo nikiwa na miaka ishirini na mbili, siku niliyopigwa kibuti. Aliniomba nauli ya kwenda mkoani, ati kuna usaili wa kazi. Nilijua hakuna usaili. Nilijua hata jina la aliyekuwa akimsubiri. Nikampa nauli, nikambebea na begi hadi stendi. Rafiki zangu waliniita bwege, na kwa hesabu za kawaida ni kweli. Lakini kuna wakati mtu unayempenda anakuomba kitu, na ukimnyima maana yake umeshakubali kwamba ni adui yako. Kumpa ni kuendelea kuwa naye dakika mbili zaidi kama alivyokuwa zamani. Liyongo alimjibu mwanawe kwa sababu aliyeuliza alikuwa mwanawe. Hiyo siyo dhamira ya kuandika kwenye mtihani, ila ndiyo inayoufanya utendi uume.

Halafu fikiria ni kitovu, jamani. Achilles wa Wagiriki aliuliwa kwa kisigino, maana hapo ndipo mama yake alipomshikia alipomchovya mtoni ili asidhurike, na maji hayakufika. Kwetu sisi, kitovu ndipo mtu alipofungwa kwa mama yake kabla hajawa mtu. Tunasema kwetu ni pale kilipozikwa kitovu. Kwa hiyo mtoto anamchoma baba yake mahali pale pale baba naye alipokuwa mtoto. Sijui kama waliotangulia kuisimulia hadithi hii waliliwaza hilo. Mimi kila nikisoma silikwepi.

Liyongo anaamka na sindano mwilini. Anachukua upinde, anatoka mjini, anafika kisimani, anapiga goti, anapachika mshale, na anafia hapo hapo, mkao wa mtu anayelenga. Watu wanaokuja kuteka maji wanamwona na kukimbia. Mji mzima unakaa na kiu. Wanamwendea mama yake wakimwomba akamtulize mwanawe, kwa kuwa wote wanadhani amekasirika. Mama anakwenda. Anasimama mbali, maana hata yeye anaogopa, na anambembeleza kwa tungo. Kesho anarudi, anambembeleza tena, hadi siku maiti ilipoanguka yenyewe.

Sijapata kusoma jambo la kusikitisha kuliko hili katika Kiswahili. Mama anamwimbia maiti akidhani ni hasira.

Sasa lawama yangu kwa Kijuma, na naitoa kwa adabu zote za mjukuu. Utendi una beti zaidi ya 200, na mama wa kisimani anapita haraka kama abiria. Tunaambiwa alimbembeleza, wimbo wenyewe haumo. Hapa naona bahari ya utenzi ndiyo iliyomponza mtunzi. Mizani nane nane ni mwendo wa miguu: unafaa kwa vita, safari, karamu na hila. Kila ubeti unausukuma uliotangulia. Mwendo huo haujui kusimama mlangoni mwa mtu aliyefiwa. Ukitaka kusimama inabidi utafute mwendo mwingine, kama Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi. Kule mstari ni mrefu kidogo na mtunzi anauhutubia moyo wake mwenyewe. Anautembeza kwenye majumba ya Pate yaliyokwisha kuanguka na kuuambia utazame: zile zidaka zilizopangwa vyombo vya Kichina sasa zinalea makinda ya ndege. Haharakishi, na hasemi sana kwamba ana huzuni. Anakuonyesha kidaka tu, basi, unabaki wewe na kidaka.

Na hapo ndipo namrudia mwenzangu wa Jumamosi, ambaye nusu yake ilikuwa kweli. Baada ya ile stendi niliandika mashairi thelathini na kitu. Moyo ulikuwa na kidonda, machozi yalikuwa mto, usiku ulikuwa mrefu. Nikayasoma kikundini kwa sauti ya kutetemeka. Nilipomaliza, dada mmoja akaniuliza, bila ubaya wowote: huyo mtu alikuwa anakunywa chai na nini? Sikuwa na jibu. Katika mashairi thelathini hakukuwa na chai, begi, stendi, wala nauli niliyomhesabia mkononi. Palikuwa na moyo tu, na moyo wa kila mtu unafanana.

Mengi tunayoletewa katika kurasa hizi yana ugonjwa huo huo, nami sijipi cheo cha daktari, maana nilikuwa wodi hiyo hiyo. Mtunzi anaachwa shairi zima na hakuna mtu mwingine anayeathirika. Kisimani kwa Liyongo huzuni ina kazi: inaziba maji. Wanawake wanarudi na mitungi mitupu. Watoto wanalia kiu kwa sababu mtu mmoja alisalitiwa na mwanawe. Huzuni ya namna hiyo si uvivu, na hata yule mwenzangu, nilipomweleza, alinyamaza kidogo. Kisha akasema bado nifue nguo.

Lakini pia nawakatalia wale wanaotaka kila shairi la huzuni limalizike kwa tumaini, kana kwamba mshairi ni bwana maendeleo. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 wengi walishika vichwa kwa kukosa vina, na wapo waliomlaumu kwa kukata tamaa. Amefariki mwaka 2020 na lawama hiyo bado inarudiwa. Mtu aliyekipa kitabu chake jina la maumivu ya mbavuni alikuwa ametuonya tangu jaladani. Unamlaumu kwa nini? Kichomi hakiponi kwa kuambiwa changamka. Na Al-Inkishafi nayo tungeifanyeje, tuwarudishe wale makinda viotani kwingine na kupanga vyombo upya?

Nimeufikiria sana ule wimbo wa mama ambao Kijuma hakutupa. Si kazi ya kumsahihisha mzee. Nafasi ipo wazi pale kisimani, na kijana yeyote mwenye kibuti chake anaweza kuingia na kuujaribu badala ya kutuletea mto mwingine wa machozi. Mama atamwambia nini mwanawe anayedhani amenuna? Pengine atamkumbusha chakula. Pengine atamwomba radhi kwa kosa asilolijua. Nimejaribu mara mbili. Mara zote mbili, kwenye ubeti wa tatu au wa nne, mama yangu anaanza kulia kama mtu aliyekwisha kujua kwamba mwanawe amekufa, nami nachana karatasi, maana hajui bado.