Jicho na Pembea ya Reli

Mfasiri hupimwa kwa maneno madogo zaidi kuliko makubwa. Uhuru, mapenzi na mauti vina visawe katika kila lugha, na aliyeshindwa navyo ana pa kukimbilia. Lakini chukua ile mashine ya furaha ambayo mabehewa yake hupandishwa juu ya kilima cha chuma kisha huachiwa yateremke kwa kishindo, na abiria wake wakipiga makelele. Wafaransa na Waspania huiita milima ya Kirusi. Warusi wenyewe huiita vilima vya Kimarekani. Ni kama kwamba kila mmoja anataka kizunguzungu kile kiwe kimezaliwa kwa jirani. Kiswahili bado hakijaamua. Vijana husema rolakosta, nami sina ugomvi nao. Hapa nitaiita pembea ya reli, kwa sababu pembea ni neno ambalo kwetu tayari lina mwili: mtu wa pwani akilisikia huona sikukuu, vumbi, nguo mpya na kamba inayolia.

Nayaandika haya Rungwa, mkoani Singida, kwenye njia panda ya Itigi, Mbeya na Tabora, ambako msimu huu wa kiangazi nimekaa na jamaa zangu. Pembea ya reli hapa haipo wala haitarajiwi. Msomaji wa visiwani atauliza nimeipataje basi katikati ya miombo, nami nitamjibu baadaye. Kwanza nina dai moja. Kuitazama pembea ile ni starehe kamili yenye sanaa yake; si masalio ya starehe ya aliyepanda. Na ushairi wetu, ambao umejaa kupanda na kushuka, umelinyima jicho haki yake.

Tuanze na walioijenga, maana wao waliujua utazamaji kabla yetu. Katika bustani za Oranienbaum, karibu na Saint Petersburg, msanifu Antonio Rinaldi alimjengea Malkia Catherine mteremko mrefu wa kuserereka, pamoja na jumba la ghorofa lenye baraza pana; kazi hiyo ilimalizika mwaka 1774. Mteremko ulibomolewa katika karne ya 19. Jumba na baraza zake vimesimama hadi leo. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson alifungua reli yake ya mchezo kwenye ufuo wa Coney Island, New York, kwa nauli ya senti 5. Ilikwenda kwa mwendo wa kama kilomita 10 kwa saa, yaani baiskeli ingeipita, na viti vyake vilielekea ubavuni, ili abiria atazame mandhari. Thompson alikuwa akimuuzia mtu safari na wakati huo huo akimfanya mtazamaji.

Mfano unaonipendeza zaidi ni wa hapo hapo Coney Island. Mwaka 1901 Edwin Prescott alijenga pembea iliyofanya pindo zima hewani, abiria vichwa chini miguu juu. Waliothubutu kupanda walikuwa wachache, na behewa lilichukua watu wanne tu. Lakini umati ulijaa, na watu walikuwa wakitoa fedha zao waingie kutazama tu. Hawa hawakuwa waoga waliotafuta kisingizio. Walinunua kitu ambacho wale wanne hawakukipata.

Kitu gani hicho? Aliyepanda haoni pembea. Anaona kisogo cha aliye mbele yake, kisha mbingu, kisha ardhi inamjia. Aliyesimama pembeni huuona mstari wote kwa pamoja: kilima kirefu cha kwanza, bonde, kilima cha pili kilicho kifupi, pindo, na njia ya kurudi. Mstari ule umeandikwa kwa chuma kabla ya msomaji wake kufika. Halafu mabehewa yanakuja kuusoma, na jicho huyaona yakiusoma kwa kasi zisizolingana. Mnyororo huyakokota polepole hadi kileleni. Yanapofika, behewa la kwanza hupita kilele na kuonekana limesita, limening'inia, kwa kuwa wenziwe wa nyuma wangali wanapanda na wanalizuia. Kisha uzito unahamia mbele, na la mwisho huvutwa kwa mchapo. Kwa mbali msafara wote hujipinda kama tandu apitaye juu ya gogo. Makelele nayo hukufikia kwa kuchelewa, mabehewa yakiwa yameshafika bondeni. Kusita huko, na mpishano huo wa jicho na sikio, ni mali ya mtazamaji pekee.

Mpenzi wa mashairi atakitambua kisito hicho bila ya kufundishwa. Ndicho kilicho baina ya ukwapi na utao, pale mizani nane zinapokwisha na nyingine nane hazijaanza, na mghani mzuri huchukua pumzi kidogo kuliko tulivyotarajia, au zaidi. Ufanani hauishii hapo. Katika pembea ya mnyororo kilima cha kwanza hakina budi kiwe kirefu kuliko vyote, kwani baada ya hapo hakuna injini; kila mpando unaofuata hulipiwa kwa kimo kile, na msuguano wa reli na upepo hula sehemu yake. Ubeti wa kwanza wa shairi hubeba deni la namna hiyo. Vina vikishatajwa na mizani zikishapangwa, beti zinazofuata huishi kwa nguvu iliyowekwa pale.

Hii ndiyo sababu sivutiwi sana, kama mtazamaji, na ile Formula Rossa ya Abu Dhabi, ingawa ilipofunguliwa Novemba 2010 ilikuwa na kasi kuliko zote duniani, kilomita 240 kwa saa, kasi inayofikiwa kwa sekunde zisizozidi tano. Naizungumzia kwa picha za video tulizozoea kuletewa na ndugu zetu wa Ghuba. Hurushwa kama jiwe la manati. Hakuna mnyororo, hakuna kusubiri, hakuna kisito cha mwanzo. Ni shairi linaloanza kwa ukelele na halina tena pa kupandia. Anayeipanda bila shaka ana kisa cha kusimulia. Anayeitazama huona mstari mwekundu, basi.

Sasa nirudi kwetu. Kupanda na kushuka ni katika picha kongwe za ushairi wa Kiswahili: dunia hupanda na kushuka, cheo hupanda na kushuka, bahati vivyo hivyo. Sikatai. Ninalolalamikia ni haraka yetu. Mshairi wa leo akiiona pembea ikiinuka, kabla haijafika juu ameshatoa wasia. Hatuambiwi ilikuwa ya rangi gani, kamba ililia vipi, mtoto alishika wapi, nani alisukuma. Pembea imegeuzwa fundisho, na fundisho halihitaji kutazamwa.

Wala mtu asiseme kwamba hayo ndiyo mapokeo. Mwandishi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alikuwa na wasia mzito kuliko wetu sote, na bado alituingiza kwanza ndani ya majumba ya Pate yaliyohamwa, akatuonyesha makinda ya ndege yamelala katika vidaka vilivyokuwa vikipambwa kwa vyombo vya kaure. Jicho lilifanya kazi yake, ndipo moyo ukaitwa. Na Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye wahakiki wamezoea kusema kwamba aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni, angekwenda sokoni kufanya nini kama si kutazama?

Watazamaji bora nilionao mimi hawakusoma jarida lolote. Ni watoto wa sikukuu. Siku za Idi huko Mnazi Mmoja na Kariakoo mjini Unguja, Tibirinzi kule Chake Chake, au Makadara kwa wenzetu wa Mombasa, mkono wa Idi huisha mapema, na mtoto aliyemaliza zake hubaki. Watu wa rika langu wanazikumbuka pembea za visanduku vya mbao zilizozungushwa kwa nguvu za mikono. Sasa kuna mashine za umeme, na viwanja vya Kariakoo na Tibirinzi vimejengwa upya na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa Zanzibar. Mtoto wa nje ya uzio ni yule yule. Anajua ni kisanduku gani kinacholalia upande, na msukumaji gani huchoka baada ya mizunguko mingapi. Anajua, kabla ya aliyepanda mwenyewe, nani atalia. Bila shaka angependa kupanda, na si haki kuupamba umasikini wake kwa maneno mazuri. Lakini elimu yake ni ya kweli, na kwa miaka mingi mashairi yetu ya sikukuu yamemsikiliza yule wa ndani peke yake.

Rungwa haina uzio wala mashine. Ina anga. Kwenye mpaka wa Pori la Akiba, mnamo saa nne za asubuhi ardhi inapokwisha kupata moto na hewa ikaanza kuinuka, hutokea tai pungu, mweusi, mwenye uso na miguu myekundu na mkia mfupi hata miguu huuzidi anaporuka. Hapigi mbawa ila mara chache. Huteleza akilalia ubavu huu na huu, kama mtu apitaye juu ya kamba na mikono ameitandaza. Mfaransa François Levaillant, aliyesafiri kusini mwa Afrika katika miaka ya 1780, alimpa ndege huyu jina la wale wachezaji wa viwanjani wanaopindua miili yao hadharani ili walipwe. Kwa hivyo jina lake la Kizungu lilitoka uwanja wa sikukuu, na lilitolewa na mtu aliyesimama chini akatazama.

Dume akimwendea jike huporomoka juu yake, naye jike hujigeuza chali hewani akamwonyesha makucha. Wakati mwingine dume hujibiringisha mzunguko mzima, kama behewa la Prescott, ila hakuna reli. Hapo ndipo mtazamaji wa pembea hupata mtihani mpya. Katika chuma mstari ulikuwepo kabla; hapa mstari huchorwa na kufutwa kwa pigo moja, na jicho lisilo na subira halibaki na kitu. Jamaa zangu wa hapa hutazama wakiwa wamesimama na majembe, hawasemi neno, na akishapita huendelea na kazi.

Tangu mwaka 2020 pungu amo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Moja ya sababu ni sumu inayotiwa katika mizoga kwa ajili ya simba na fisi: yeye, kwa kuwa hupepesa ardhi kutwa nzima akiwa chini kuliko tumbusi, huwa miongoni mwa wa mwanzo kuiona nyama, hata kipande kidogo. Jicho lake ndilo linalomuua. Jike hutaga yai moja tu, na kinda huvaa kahawia kwa miaka kadhaa, saba au zaidi, kabla ya kupata weusi na wekundu wa wakubwa. Juzi, kwenye njia ya kwendea Itigi, alipita mmoja wa kahawia, mkia wake bado mrefu kidogo, akiteleza wima bila ya kulalia upande wowote.