Tintin au Congo: Tumsamehe Hergé?

Mara kwa mara watu wanauliza: mtu wa sifa aliyewadharau watu weusi, je, astahili kusamehewa? Ili tusijibu hewani, tukamate kitabu kimoja: Tintin au Congo, cha Mbelgiji Hergé.

Picha zake zilianza kutokea mwaka 1930 katika gazeti la watoto la Bruxelles, Le Petit Vingtième. Tusifiche neno: gazeti lile lilikuwa la Kikatoliki, na mkubwa wake alikuwa padri, Norbert Wallez. Hergé hakuwa amekanyaga inchi yetu hata siku moja. Aliwachora Wakongomani kama wajinga na wavivu, wenye Kifaransa cha kuvunjika. Mwishoni wanapigia magoti sanamu ya Tintin na ya mbwa wake. Loo! Sanamu ya mbwa, katika gazeti la Wakristu!

Tumpime kwa mafundisho ya kitubio: majuto, maungamo, malipizi. Majuto ya moyo Mungu peke yake anayajua. Kuungama: baadaye Hergé alikubali kwamba alikuwa amejaa mawazo mapotovu ya watu waliomzunguka. Ni ungamo, lakini nusu ya mzigo amewatwika jirani. Malipizi: mwaka 1946 alikichora kitabu upya. Somo ambamo Tintin aliwafundisha watoto weusi kwamba inchi yao ni Ubelgiji, akaligeuza kuwa somo la hesabu. Sanamu akaziacha.

Kumbe aliweza kufanya vema zaidi. Mwaka 1934, alipotaka kuchora China, padri mwingine, Gosset, mlezi wa wanafunzi Wachina wa Louvain, alimwonya ajifunze kwanza. Akakutana na Zhang Chongren, akatoa Le Lotus bleu, kitabu chenye heshima kwa Wachina. Congo haikupata Zhang wake. Ndugu wanaseminari, oneni hapo nguvu ya neno la padri.

Mwaka 2007 Bienvenu Mbutu Mondondo alikishitaki kitabu hiki huko Bruxelles; mwaka 2012 waamuzi wakakataa, kwa kuwa hawakuona kusudi la kuchochea chuki. Hukumu hiyo si msamaha. Mwamuzi hutazama sheria; msamaha hutoka kwake aliyedharauliwa.

Basi, astahili? Hakuna anayestahili msamaha. Ungestahiliwa, ungekuwa mshahara. Sisi watu wa Maniema twalijua jambo hili. Novemba 1961, katika Kindu, askari waliwaua Waitalia 13 wa ONU, wakiwadhania kuwa watu wa Katanga. Tukiomba damu ile tusihesabiwe sisi sote, toka Kindu hata hapa Kama, tutamnyimaje rehema Hergé, aliyekufa mwaka 1983?

Lakini kitabu hakina roho ya kutubu. Mwandishi tumsamehe, kitabu tukisahihishe. Katekista akikiona mkononi mwa mtoto, asikichome. Afungue ukurasa ule wa sanamu, amwulize: Mwanangu, ni nani wa kupigiwa magoti?